Zamu ya Aliyeshika Simu

Baba alisimama katikati ya sebule, akakunja mkono wa shati, akauliza swali ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote aliyewahi kushika ile rimoti.

"Hii inasikia mkono au inaona mkono?"

Ilikuwa Idi pili, kama saa kumi na moja jioni, pilau limeshatulaza nusu na kutuamsha nusu. Watoto wamejipanga kwenye mkeka, mama kwenye kochi, mke wangu mlangoni na sinia la vikombe. Kwenye tivii kuna gemu ya boling: njia ya mbao inang'aa na mwisho wake zimesimama pini kumi za kuangushwa kwa mpira. Mpwa wangu wa miaka tisa, ambaye ndiye mwalimu wetu sote, akamjibu mbiombio: "Babu, we bana hapa chini, rusha, achia."

Hakujibu swali. Baba akaigeuza rimoti juu chini kama mtu anayekagua embe sokoni, kisha akarusha.

Akaachia kidole mkono ukiwa bado nyuma. Mpira ukachomoka kinyumenyume, vile vikaragosi vinavyosimama nyuma kutazama mchezo vikaruka kwa fadhaa, watoto wakajimwaga mkekani kwa kicheko. Na baba, ambaye tulipokuwa wadogo tukisikia kikohozi chake mlangoni tunazima redio, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nina hakika alishika ukuta, maana video ninayo.

Hiyo video imenisumbua wiki sita.

(Msitafute picha kwenye makala hii. Nilimwomba baba ruhusa ya kuandika, akasema: "Maneno hayana tabu. Picha usiweke.")

## Ilianza na harufu ya kuungua

Mashine ni Wii, ya Nintendo, zile zilizoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2006. Ni kitu cha kale, kimempita mpwa wangu umri karibu mara mbili. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani, kwa hiyo huko Marekani anakoishi dada yetu mkubwa zimejaa kwenye maduka ya mitumba, na yeye akanunua moja akaifungasha kwenye begi la mtu anayekuja. Ndani yake mlikuwa na rimoti mbili, kila moja na kishikio chake cha mkono wa pili, na diski ya Wii Sports: tenisi, besiboli, gofu, ndondi na boling.

Adapta yake iliandikwa volti 120. Dada alisahau kwamba kwetu umeme ni 230, na mimi nilisoma maandishi baada ya kuwasha. Ikasema "pu", sebule ikanuka plastiki, mama akasoma dua.

Fundi wa Ngamiani, pale kwetu Tanga, hakushtuka hata kidogo. Mashine yenyewe ilikuwa salama, kilichokufa ni adapta. Akaikata waya, akauunga kwenye pawa saplai ya kamera za ulinzi, volti 12, ampia 5. Ile ya asili ilikuwa inatoa volti 12 na ampia 3.7, kwa hiyo nikamwuliza kama ampia za ziada hazitaiua.

"Mashine inakula inachohitaji," akasema. "Si kama wewe siku ya Idi."

## Jibu la swali

Usiku ule nililitafuta jibu, kwa sababu baba akiuliza kitu nawe ukakaa kimya, atakuuliza tena asubuhi.

Inasikia. Ndani ya rimoti mna kidude kidogo kinachopima jinsi inavyosukumwa: mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Haijui mkono wako uko wapi. Inajua tu umeuchapa kwa kasi gani na kuelekea wapi. Na kile kibao chembamba kinachowekwa juu ya tivii, ambacho sote tulidhani kinatutazama, hakioni kitu. Ni taa tu, mafungu mawili ya taa ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona. Jicho liko mbele ya rimoti yenyewe, linazitafuta zile taa ili lijue unaelekeza wapi. Waya wa kibao ukikatika unaweza kuwasha mishumaa miwili badala yake, ukaiacha nafasi katikati, na mashine isijue tofauti. Tuliwahi kujaribu. Ikafanya kazi dakika nne, mpaka mama alipoona umbali wa mishumaa na mapazia.

Nikamweleza baba haya yote kwenye chai ya asubuhi. Akatafuna andazi lake mpaka likaisha.

"Kwa hiyo tunayedhani anatuona ni taa, na tunayedhani ni fimbo ndiye mwenye jicho."

Ndivyo, baba.

"Na hajali mwili. Anataka kifundo cha mkono tu."

Hapo akanishangaza. Wengine ilituchukua siku nzima kuligundua hilo, na aliyeligundua ni mdogo wangu wa mwisho, mvivu kuliko wote. Alilala kwenye kochi, kikombe mkono wa kushoto, akawa anachapa rimoti kwa kifundo tu kama mtu anayefukuza nzi. Akatufunga wote tuliokuwa tunaruka na kutoa jasho. Watoto wakaanza kumwiga, na ndani ya nusu saa sebule iligeuka wodi: watu wamelala, mikono inashtukashtuka, hakuna anayecheka.

Baba alikuwa dereva wa winchi bandarini Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari. Maisha yake ya kazi yalikuwa hayo: mkono unasogea upana wa kidole, tani kadhaa zinabembea hewani juu ya vichwa vya watu. Kuhusu kitu kinachosikia kifundo cha mkono, hakuna wa kumfundisha nyumbani kwetu. Angeweza kukaa kwenye kiti chake akatumaliza wote.

Hakukaa. Kila zamu yake alinyanyuka, akapiga hatua mbili, akainama, akarusha mkono mzima. Nikamwuliza kwa nini.

"Nikikaa," akasema, "nitakuwa kazini."

## Nani anampiga nani

Nilidhani ugumu wa gemu za namna hii utakuwa vitufe. Sivyo. Watu wa Nintendo waliliona hilo mapema, ndiyo maana kitu chenyewe wakakipa umbo la rimoti ya tivii, ambayo hata bibi yangu angeishika bila kuogopa. Ugumu ulikuja tulipoweka ndondi.

Ilitokea zamu ya mke wangu na baba. Mke wangu akashika rimoti, akavitazama vikaragosi viwili vimekabiliana ulingoni, kimoja kikiwa na mvi na kidoa cheusi juu ya mdomo, sawasawa na baba mkwe wake. Akairudisha mezani polepole.

"Mimi nimpige baba?"

"Hata kwenye tivii?" mdogo wangu akauliza.

"Hata kwenye tivii."

Baba akajifanya anatafuta miwani. Aliyetuokoa ni mpwa, kwa sababu babu na mjukuu wana utani, na kwenye utani ngumi ni halali. Akamtandika babu yake raundi ya kwanza bila huruma. Mke wangu aliwapigia makofi wote wawili kwa usawa kabisa, kama refa.

Nimefikiria sana kuhusu hilo. Kwenye banda la gemu nililokulia, tukilipa mia mbili kwa mechi ya mpira, mwili wako haukuwemo. Vidole gumba viwili tu, na uso umekauka. Ungeweza kumfunga mwalimu wako saba bila na heshima ikabaki palepale. Hapa mwili umo. Unarusha ngumi kweli, unainama kweli, makalio yako yanaonekana na wakwe. Watengenezaji walihesabu kasi ya mkono. Haya ya mtu hawakuipatia kipimo.

Kile kikaragosi cha baba, kwa taarifa yenu, alikitengeneza mpwa. Kwenye Wii Sports vikaragosi havina mikono, viganja tu vinaelea pembeni ya mwili. Baba alipojiona mara ya kwanza aliuliza: "Mikono yangu mmeipeleka wapi?"

## Kamba

Kuna kamba ya kuvaa mkononi, na sote tuliidharau mpaka rimoti ilipomtoka mdogo wangu kwenye tenisi ikaingia kwenye kabati la vyombo. Bakuli mbili na kioo. Hatukuwa wa kwanza: Desemba 2006, wiki chache tu baada ya mashine kuingia sokoni, Nintendo walijitolea kubadilisha kamba kama milioni 3.2 kwa sababu zilikuwa zinakatika na rimoti zinaruka. Baadaye wakagawa na magamba ya mpira ya kuivisha rimoti.

Tangu siku ya kabati, baba hakumruhusu mtu kurusha bila kamba. Alikuwa anakagua mwenyewe, mtoto kwa mtoto, anaivuta kidogo kuhakikisha. Ukimtazama unaona kabisa mtu aliyetumia miaka kuangalia kama mnyororo umekaza kabla ya kunyanyua.

Bega langu nalo lilikaza siku ya tatu. Nikajifariji na kisa cha daktari kijana wa miaka 29, kilichochapishwa mwaka 2007 katika jarida la New England Journal of Medicine, aliyeamka Jumapili na maumivu makali ya bega la kulia. Alikuwa amecheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Ugonjwa ukapewa jina la mashine. Tiba: dawa ya maumivu wiki moja, na kukaa mbali na rimoti.

## Sekunde 47

Sasa video.

Niliirekodi Idi pili, ni ya sekunde 47, na niliitupia kwenye kundi la familia kabla hata zamu haijarudi kwa baba. Dada huko Marekani akajibu kwa sauti ya kulia na kucheka pamoja. Mashangazi wakamwaga vikaragosi vya machozi. Baba mdogo akaipenda zaidi ya wote, akaipeleka kwenye kundi la wastaafu.

Kufika Ijumaa ilikuwa imewasili kijiwe cha kahawa. Baba alipotokea, mzee mmoja akanyanyua kikombe na kumsalimia kwa neno la boling, la pini zote kuanguka kwa mpira mmoja: "Straiki!"

Aliniambia mama. Baba mwenyewe hakusema chochote. Jioni ile watoto wakamwita, "Babu, zamu yako," akasema macho yamechoka. Kesho yake ikawa mgongo. Siku ya tatu hakutoa sababu, alichukua redio yake akakaa barazani, na sisi tukafungasha kurudi Dar.

Kwenye basi nilianza kujitetea. Hakuna aliyemcheka kwa ubaya. Wazee wenzake, nasikia, wawili walitaka kuja kujaribu. Ni mtu mzima, angekasirika angesema. Tena kuna uzuri gani wa kuficha kwamba baba yako anajua kucheka?

Mke wangu alisikiliza mpaka Segera.

"Ungemwuliza," akasema, akafumba macho.

Nikaifuta kwenye kundi. Kazi bure, ilishakuwa kwenye simu za watu nisiowajua. Kwa wiki kadhaa nikaamini nimeelewa kosa langu: nimemvunjia mzee heshima, nimeitoa nje ya ukuta sherehe ya ndani. Aliuliza mwenyewe, inasikia au inaona? Ile rimoti ilikuwa inasikia tu. Anayeona nilikuwa mimi.

Ni maelezo mazuri. Nilikaribia kuyaandika hapa na kuishia hapo.

## Sekunde ya 39

Kisha nikaitazama tena, usiku mmoja umeme umekatika, simu ina asilimia kumi na moja. Safari hii nilivaa spika za masikioni.

Mpaka sekunde ya 30 ni ile mnayoijua: mpira wa kinyumenyume, kicheko, ukuta. Baada ya hapo kuna sehemu ambayo sijui kwa nini sikuwahi kuitazama. Labda kwa sababu hakuna kichekesho.

Boling inachezwa kwa rimoti moja, mnapokezana. Baba anamaliza kurusha mpira wake wa pili, unaangusha pini tatu. Anavua kamba mkononi. Nyuma yake kwenye tivii kinakuja kikaragosi kingine, kina miwani na kichwa cha duara. Ni mimi. Kimesimama kwenye mstari na mpira mkononi.

"Mjomba, zamu yako," anasema mpwa. Sekunde ya 39.

Sauti yangu, karibu kabisa na simu: "Nirushie wewe, narekodi."

Baba haangalii tivii. Anaangalia upande wangu, bado anatabasamu, bado anahema, na mkono wake umenyooka kunipa rimoti. Sekunde ya 41. Ya 42. Gemu ile hairuki zamu ya mtu. Itakusubiri mpaka usiku uingie, kikaragosi chako kimesimama palepale. Ya 44. Mpwa anaingia kwenye picha, anaichukua rimoti mkononi mwa babu yake, na baba anaushusha mkono.

Video inaishia hapo kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Sidai kwamba najua alichowaza. Inawezekana ni kile kijiwe, inawezekana ni mgongo kweli. Baba yangu ana umri wa kuwa na mgongo. Ila niliihesabu upya siku ile ya Idi, na katika mizunguko yote sikumbuki kurusha mpira hata mmoja baada ya yeye kusimama. Siku za nyuma nilicheza sana, bega ni shahidi. Alipoingia yeye, mimi nilitoka. Yule mdogo wetu tuliyemsema kwa kulala kwenye kochi, yeye angalau kifundo chake kilikuwemo.

## Kalenda

Nilikwenda Tanga mwishoni mwa mwezi uliofuata, peke yangu, kwa shughuli nyingine. Watoto wako shule, nyumba imetulia, ile mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vitu vyote vya mama.

Jioni niliacha simu chumbani kwenye chaji. Nikaiwasha mashine.

Wii ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: inajiandikia. Kila siku iliyochezwa huwekwa barua kwenye kalenda yake, ikisema gemu gani ilichezwa na kwa muda gani. Nilifungua nikitaka kuona siku zetu za Idi, na nikaziona, saa tatu, saa nne na nusu. Nikarudi mwanzo wa kalenda, nikaenda mwisho wake, halafu nikatulia.

Kulikuwa na barua baada ya sisi kuondoka.

Jumatatu, Wii Sports, dakika 19. Jumatano, dakika 26. Wiki iliyofuata siku nne. Moja dakika 52.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwuliza kama kuna mtoto wa jirani anayekuja kucheza.

"Hapana."

"Wewe je?"

"Mimi hiyo rimoti siijui mbele wala nyuma," akasema, akaendelea kutafuta mawe, kwa makini kuliko mchele ule ulivyohitaji.

Baba aliingia baada ya magharibi, akakaa kwenye kiti chake, akafungua gazeti la jana. Sikusema kitu. Niliweka boling, wachezaji wawili. Nikachagua kile chenye miwani. Nikachagua na chenye mvi.

Nikapiga hatua mbili na kurusha mkono mzima. Pini sita. Nikarusha tena, nikaachia vibaya, mpira ukaenda nyuma, vikaragosi vikaruka.

"Unaachia mapema," baba akasema kutoka nyuma ya gazeti.

Kikaragosi changu kikaondoka. Chake kikaja, kikasimama kwenye mstari, viganja vinaelea, mpira mkononi. Nikavua kamba, nikanyoosha mkono kumpa.

Akageuza ukurasa. Akausoma, au akafanya kama anausoma. Mama akapita na taa ya chemli, maana umeme huwa haukawii, akapita tena. Kwenye tivii hakuna kilichosogea. Mkono ukaanza kuuma, lile bega, sikuushusha.

Akalikunja gazeti mara mbili, akaliweka juu ya meza. Akanyanyuka, akapandisha mkono wa shati. Akaipokea rimoti, akaitazama chini yake, akaipitisha kamba kwenye kifundo na kuivuta kidogo.

"Na wewe usikae," akasema.